Paul Oliver aliandika kitabu cha blues kabla hajakanyaga Marekani. Aliwajuaje wale watu?

#1 MzeeWaSanturi
Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa kifuani muda mrefu, leo nalitua hapa.

Mwaka 1960 Mwingereza mmoja aitwaye Paul Oliver alitoa kitabu, Blues Fell This Morning. Anachukua mashairi ya blues, ule muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, mstari kwa mstari na kukueleza kilichomo ndani: treni inayotajwa, jela inayotajwa, yule mdudu wa pamba alikuwa anamwachia nini mkulima akishapita shambani, mafuriko ya mto Mississippi ya 1927 yaliwaacha watu katika hali gani. Utangulizi aliuandika Richard Wright, mtu mweusi, mzaliwa wa Mississippi kabisa. Na mpaka kitabu kinamalizika kuandikwa, Oliver alikuwa hajakanyaga Marekani.

Bwana huyu alizaliwa Nottingham mwaka 1927, akaja kuwa mwalimu wa sanaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, bado kijana mdogo, alikwenda kusaidia mavuno huko Suffolk. Rafiki yake akamvuta mpaka kwenye ua wa miti, akamwambia asikilize. Ng'ambo ya ua wanajeshi weusi wa Kimarekani walikuwa wanachimba huku wanaimba. Kijana akanasa. Akaanza kuzisaka santuri, na hakuacha mpaka uzeeni. Amefariki mwaka 2017, miaka 90.

Swali langu: inawezekana kuwajua watu kwa santuri tu? Mimi nasema inawezekana, na nasema Oliver ndiye mwanahistoria bora wa blues kuliko wote. Anayebisha alete hoja.

#2 Chumvi_ya_Uvinza
Nabisha, mzee wangu, na shikamoo kwanza.

Mimi nimekulia Tanga, taarab naijua tangu nabebwa mgongoni. Mpaka leo kuna nyimbo siwezi kukueleza mpaka nimuulize shangazi: siku ile ilipopigwa, nani alisimama kutunza, na nani aliondoka amenuna? Wimbo ukiutoa mtaani kwake unabaki nusu. Sasa mtu amekaa chumbani Uingereza na gramafoni yake, atajua nani alinuna?

#3 Njia_Panda
Huyu Oliver si ndiye aliyekipata cheti cha kifo cha Robert Johnson, mwimbaji wa blues? Yule aliyeuza roho kwa shetani pale njia panda. Kama ni yeye, apewe heshima yake.

#4 KinandaCheusi
Mkuu #3, hapo umefunga mbuzi wawili kamba moja.

Cheti kilipatikana 1968, na aliyekipata ni Gayle Dean Wardlow. Huyo alikulia Mississippi, mkusanyaji wa santuri aliyekuwa anapita mitaa ya watu weusi akigonga mlango kwa mlango kuuliza kama wana sahani za zamani wanauza. Baadaye akaona kumbe hata waimbaji wenyewe wanaweza kutafutwa kwenye makabrasha ya serikali. Cheti kinasema Johnson alifariki 16 Agosti 1938 karibu na Greenwood. Pale pa sababu ya kifo pameandikwa hakuna daktari. Basi. Kijana wa miaka 27.

Na hadithi ya njia panda, mwenye nayo kwanza ni Tommy Johnson, mwimbaji mwingine kabisa. Kaka yake, LeDell, ndiye aliyemsimulia mtafiti David Evans. Majina yamefanana, hadithi ikahamia kwa aliye maarufu zaidi.

#5 Njia_Panda
Asante mkuu, nimekubali kusahihishwa. Lakini alikufa kwa nini sasa? Mimi nimesikia sumu kwenye pombe.

#6 KinandaCheusi
Sumu ndiyo inayosimuliwa zaidi, kwamba mume mwenye wivu alimwekea kwenye wiski. Nyuma ya kile cheti kuna maelezo kwamba mwenye shamba alidhani ni kaswende. Wengine wanasema homa ya mapafu. Mawe ya kumbukumbu ya kaburi lake yako matatu, kwenye makanisa matatu tofauti. Chagua moja ukatie ubani.

#7 BintiKisauni
Hiyo njia panda imenigusa. Kwetu Mombasa ukipita njia panda asubuhi unaangalia unapokanyaga. Utakuta nazi imevunjwa, kitambaa chekundu, senti zimetawanywa. Bibi yangu alikuwa anatushika mkono na kutuzungusha pembeni, hatuli wala hatusemi mpaka tumepita. Kwa hiyo nilipomsoma Tommy Johnson nilimwelewa bila mkalimani.

Ninachouliza: imani hii walikwenda nayo kutoka Afrika, au kila taifa lina njia panda yake?

#8 KinandaCheusi
Dada, watu wamegawanyika. Wapo wanaomtaja Eshu wa Wayoruba na Legba wa Wafon, miungu ya Afrika Magharibi inayolinda njia. Wapo wanaosema Ulaya nayo ilikuwa na shetani wake wa njia panda kabla hata ya meli za utumwa. Mimi naona watu wawili wanaweza kukutana na hofu moja bila kuazimana.

#9 MzeeWaSanturi
Turudi kwa Oliver. Marahaba, Chumvi. Hoja yako ya shangazi ni nzito, nimeilalia usiku mzima.

Lakini huyu mtu hakuishia chumbani. Mwaka huohuo wa 1960, yeye na mkewe Valerie walifunga safari na mashine ya kurekodia ya BBC. Chicago, Memphis, Mississippi, Texas. Sehemu ya safari walikuwa na Chris Strachwitz, yule mwanzilishi wa lebo ya Arhoolie. Huko alikuwa anawauliza waimbaji maisha yao, anawaacha waseme, na alipoyachapa mwaka 1965 aliyaacha maneno yao yalivyotoka mdomoni. Yeye mwenyewe akakaa pembeni.

Nikupe kimoja tu. Clarksdale, Mississippi, walifika kwa kinyozi Wade Walton, naye ni mwanamuziki. Unaujua ule mkanda wa ngozi wa kunolea wembe, unaoning'inizwa karibu na kiti cha mteja? Walton aliushika, wembe ukawa unakwenda na kurudi, pa upande huu, pa upande huu, halafu unakimbia, halafu unasita kama ngoma inayosubiri mwitikio. Oliver akarekodi. Mtu mwingine angesema fundi anoe haraka ili aje na gitaa. Yeye akaona kwamba wembe ndio wimbo.

Mtu wa namna hiyo, Chumvi, angemuuliza shangazi yako nani alinuna.

#10 Chumvi_ya_Uvinza
Hapo kwa kinyozi umenitikisa, mzee. Lakini angalia tarehe zako: kitabu kwanza, safari baadaye. Angekwenda kwanza kisha aandike, nisingebisha.

#11 Mwalimu_Kondo
Nimesoma kimyakimya, sasa niingie.

Nadhani swali lenyewe limekaa upande. Tunauliza Mwingereza alijuaje. Tuulize kwanza waliokuwa wanajua waliwekwa wapi.

1941 na 1942, Chuo Kikuu cha Fisk, chuo cha watu weusi Tennessee, kilishirikiana na Maktaba ya Bunge la Marekani kufanya utafiti wilaya ya Coahoma, Mississippi. Upande wa Fisk walikuwepo John Work, Lewis Jones na Samuel Adams, wasomi weusi wote watatu. Upande wa maktaba alikuwepo Alan Lomax, mzungu mkusanyaji wa nyimbo za jadi. Katika kazi hiyo ndipo alipopatikana kijana wa trekta kwenye shamba la Stovall, McKinley Morganfield, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Muddy Waters. Lomax anajulikana kila kona. Maandishi ya wale watatu yalipotelea kwenye makabati, yakachapishwa kuwa kitabu mwaka 2005. Zaidi ya miaka 60! Wenyewe walishafariki.

Na tusisahau Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi, alishatoa kitabu chake cha masimulizi ya kusini mwaka 1935, na W.C. Handy, mwanamuziki mwenyewe, aliandika maisha yake 1941. Humo anasimulia usiku wa kusubiri treni stesheni ya Tutwiler, akamwona mtu anateleza kisu juu ya nyuzi za gitaa. Kwa hiyo Oliver simpunguzii kitu, ila neno "wa kwanza" tulitumie kwa uangalifu.

#12 Mpiga_Zeze_Dodoma
Mwalimu umeniumiza. Miaka 60 kwenye kabati.

#13 Mtumba_Original
Naomba kuongeza sababu ya Waingereza kuwa ndio waliokuja kuandika. Mississippi ya miaka ya 50 mzungu wa pale asingeweza kukaa sebuleni kwa mtu mweusi akanywa naye chai, majirani wangemfuata usiku. Na mtu mweusi asingemweleza ukweli. Mgeni mwenye lafudhi ya Kiingereza alikuwa hana upande. Watu walimfungulia mdomo kwa sababu hiyo. Ndiyo maana Waingereza.

#14 Mwalimu_Kondo
Inaeleza sehemu. Haielezi kwa nini wale wa Fisk, waliofunguliwa milango yote, hawakuchapishwa.

#15 Dogo_Gerezani
Mimi naona ni vijana. Watoto wa wale waimbaji walishahamia Chicago na Detroit, hawataki kusikia mambo ya shamba. Baba yangu alikuwa anapiga tumba bendi ya jazi miaka ya 70, mimi nilikuwa naona aibu akiitwa kwenye harusi. Leo natafuta hata picha moja ameshika tumba, sina. Aliyeniuliza habari za baba ni mgeni, tena kwa barua pepe. Kila kizazi kinauza vitu vya kizazi kilichopita, anakuja mgeni ananunua.

#16 MzeeWaSanturi
Dogo, hiyo ya baba yako ilistahili uzi wake. Bendi gani?

#17 Dogo_Gerezani
Ilikufa hata haijarekodi, mzee. Nitakuandikia faragha.

#18 Kipkelion_254
Wadau, salamu kutoka Kericho. Nimechelewa lakini nina yangu.

Mnaijua Chemirocha? Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, wa kurekodi ngoma, alifika Kapkatet kwa Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia wimbo wa kiumbe nusu mtu nusu paa anaitwa Chemirocha. Jina lenyewe ni Jimmie Rodgers! Mzungu wa Meridian, Mississippi, aliyefariki 1933, aliyeimba blues kwa sauti ile ya kupanda na kushuka kooni. Santuri zake zilifika kwetu, watu wakasikia sauti isiyo na mwili ikitoka kwenye sanduku, wakaipa mwili.

Kwa hiyo Oliver alikuwa na santuri Uingereza, na nyanya zetu walikuwa na santuri Kericho. Yeye akaandika kitabu, wao wakatunga wimbo. Wote walikuwa wanajaribu kujibu swali lile la mwenye uzi: huyu anayeimba ni nani?

#19 BintiKisauni
Kipkelion, nimesisimka mwili mzima. Mbona shuleni hatukufundishwa hii?

#20 Njia_Panda
Kwa nini paa lakini?

#21 Kipkelion_254
Hapo kila mzee na lake. Wengine wanasema ni kwa vile hakuna binadamu anayeweza kutoa sauti ile. Wengine wanasema wasichana walikuwa wanamtania tu, wanamwita aje acheze mpaka nguo zimvuke. Mimi nyanya yangu alikuwa anacheka na kukataa kueleza.

#22 Mpiga_Zeze_Dodoma
Tukishafika Afrika, Oliver naye alifika. Mwaka 1964 alikwenda Ghana kufundisha Kumasi, kwenye chuo kikuu cha pale, maana upande wa pili wa maisha yake alikuwa mtu wa usanifu majengo. Huko akasikiliza, na mwaka 1970 akatoa kitabu akisema wanaotafuta mizizi ya blues kwenye ngoma kubwa za pwani ya Guinea wanatafuta pasipo. Waangalie bara, nyika kavu za kaskazini, kwa wale waimba sifa wa kurithi wenye ala za nyuzi. Kule kuna mtu mmoja, ala moja, sauti inayoburuza maneno. Hiyo inafanana na mtu na gitaa lake Mississippi.

Mimi ni Mgogo na zeze nimepewa na babu. Nikimsikia Fred McDowell, mpiga gitaa wa blues wa Mississippi, anavyoufanya uzi wa gitaa umalizie sentensi aliyoianza kwa mdomo, naona babu yangu. Ila sisemi tumehusiana. Masikio yanafananisha, historia inataka ushahidi.

#23 Muganda_Halisi
Ndugu zangu, Kiswahili changu kibovu kidogo, mnivumilie.

Aliyeendelea na swali hilo ni Gerhard Kubik wa Austria. Huyu alijifunza amadinda, ile marimba ya Kiganda, Kampala kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, mwaka 1959. Alikaa chini, akapiga, akakosea, akarudia. Ndipo baadaye, 1999, akaandika kitabu kuhusu Afrika na blues. Ananipendeza kuliko Oliver kwa sababu alikuwa mwanafunzi kwanza. Anamlinganisha hata mwanamke wa Kitikar aliyemrekodi Cameroon 1964 akiimba huku anasaga, na waimbaji wa Mississippi.

#24 Chumvi_ya_Uvinza
Kiswahili chako hakina ubovu wowote, ndugu. Na huyo Muyinda ndiye shangazi niliyekuwa namsema.

#25 Mama_Wawili_Moro
Mwanamke anasaga na kuimba! Mama yangu alikuwa na nyimbo za kusagia, za kulalamikia mawifi. Jiwe linakuwa na pumzi yake, neno linaingia pale jiwe linaporudi. Analalamika, lakini kwa vile ni wimbo hakuna wa kumjibu. Kama hiyo si blues sijui ni nini.

#26 KinandaCheusi
Mama, tuheshimu majina. Kila huzuni ikiitwa blues, blues inapotea. Ile ilizaliwa na pamba, jela na reli, kwa watu fulani, mahali fulani. Nyimbo za mama yako zina jina lake.

#27 Mama_Wawili_Moro
Nimekuelewa. Ila mama hakuziita kitu. Alisema tu "njoo tusage".

#28 MzeeWaSanturi
Nisaidieni jambo moja linalonisumbua. Oliver alikuwa na mwenzake Houston, Mack McCormick. Tangu mwishoni mwa miaka ya 50 walikuwa wanaandika pamoja historia ya blues ya Texas, barua zinavuka bahari. Hawakumaliza, wakagombana. McCormick alifariki 2015, Oliver 2017, kitabu kikatoka 2019 na mapengo yake. Watu wawili wanaojua kiasi kile wanashindwaje kumaliza?

#29 KinandaCheusi
Kwa McCormick jibu ni zito. Alikuwa mtafutaji wa ajabu. Mwaka 1960 alichukua kazi ya kuhesabu watu kwenye sensa hapo Houston, na kila nyumba aliyohesabu aliuliza pia kuhusu wapiga piano. Mwaka huohuo, yeye na Strachwitz wakamkuta Mance Lipscomb kule Navasota, mkulima mwenye nyimbo za miaka 50 kichwani. Kumbukumbu zake zilijaa mpaka mwenyewe akaziita Zimwi. Lakini alikuwa na ugonjwa uliompandisha na kumshusha, na kila akikaribia kumaliza aliona bado kuna nyumba hajagonga.

#30 Mwalimu_Kondo
Kuna upande mwingine, usemwe. Alimpata dada yake Robert Johnson, Carrie Thompson, miaka ya 70. Mama yule alimwamini, akampa picha za familia. Familia inasema kuna zisizorudi. Mpaka santuri kamili za Johnson, zilizotoka 1990, zilicheleweshwa miaka na mivutano ya nani ana haki ya nini. Mwana wa Johnson, Claud, dereva wa lori la kokoto, alithibitishwa kuwa mrithi na mahakama ya juu ya Mississippi mwaka 2000, mwenyewe ameshakuwa mzee. Kitabu cha McCormick juu ya Johnson kilipotolewa na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, 2023, mhariri aliyaondoa yale yaliyotokana na familia.

Ndiyo maana nasema ukitaka kumpima mwanahistoria, nenda kaulize nyumba alizotoka.

#31 Dogo_Gerezani
Mwalimu, sasa nielezee kwa nini nilikataa kumjibu yule mgeni wa barua pepe.

Si kweli kwamba baba hakurekodi. Samahani mzee #16, nilidanganya. Walirekodi tepu moja, ile ya gurudumu kubwa, mama aliihifadhi kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati pamoja na karafuu ili wadudu wasiingie. Nikiwa mdogo alikuja mtu na gari, mkarimu, alituletea sukari kilo mbili. Akaiomba akanakili, akasema Jumatatu. Mama aliendelea kuufuta vumbi ule mkebe mtupu kila Ijumaa. Hajafuta jina la yule mtu mdomoni mpaka leo, anamwita "wa Jumatatu".

#32 BintiKisauni
Pole sana kaka. Pole kwa mama.

#33 Mtumba_Original
Pole Dogo. Lakini nikubishie kidogo kwa upole: bila watu kama McCormick, Lipscomb angekufa na nyimbo zake, tusingemjua.

#34 Dogo_Gerezani
Angekufa na nyimbo zake na picha zake.

#35 MzeeWaSanturi
Dogo, sina cha kukubishia. Niliandika "bora kuliko wote" bila kuuliza nyumba hata moja. Naiondoa kauli ile mpaka nijue kinyozi Walton na wenzake walibaki na nini baada ya mashine ya BBC kufungwa. Upendo wangu kwa Oliver uko palepale.

Mama yako yule mtu alimwandikia karatasi yoyote?

#36 Dogo_Gerezani
Nimempigia sasa hivi. Anasema ipo, imo ndani ya msahafu wa marehemu baba. Imeandikwa tarehe 14 Machi 1979, "nimepokea tepu 1", na sahihi. Anasema sahihi inasomeka herufi ya kwanza tu. Keshokutwa naenda kwake.

#37 Mpiga_Zeze_Dodoma
Ukifika piga picha karatasi pande zote mbili. Na mkebe pia, kwa ndani. Watu wa zamani walikuwa wanaandika orodha ya nyimbo chini ya kifuniko.